Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Kuwapokea Wageni wa Ng'ambo

Miongoni mwa methali tulizoachiwa na wazee wetu kuhusu mgeni, ni chache zitajwazo mara nyingi kama hii isemayo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huisikia mtu barazani, huisoma kwenye kanga, na viongozi huitumia katika hotuba za makaribisho. Hata hivyo, aghalabu nusu yake ya kwanza ndiyo tuitamkayo kwa sauti, na nusu ya pili tukaipita upesi. Twamwita mgeni aje, lakini hatuulizi sana mwenyeji huponaje.

Insha hii inakusudia kuliuliza swali hilo kwa njia ya historia. Sababu yake ni wazi. Katika zama zetu wageni watokao nje ya nchi wamekuwa wengi kuliko zama zozote zilizopita. Mwaka 2024 Tanzania peke yake iliwapokea zaidi ya 2,000,000, wengine wa nchi jirani na wengine wa ng'ambo ya bahari. Kijana aliye leo katika kidato cha pili au cha tatu huenda kesho akawa mpishi wa hoteli, dereva wa magari ya mbugani, mwongoza watalii, au mwenye duka la vinyago. Haifai aingie katika kazi hiyo bila kujua amerithi nini, na kutoka kwa nani.

Maneno Yenyewe

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha ni ghala ambamo watu huweka mawazo yao kabla ya kuyaweka vitabuni. Neno mwenyeji limeunganishwa kutokana na mwenye na mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Basi mtu hawi mwenyeji kwa kuwa ana chakula cha kutoa, wala kwa kuwa anatabasamu. Huwa mwenyeji kwa sababu mahali pale ni pake, na ana sauti juu ya yale yatendekayo pale. Mtu asiye na mji anaweza kuhudumia, anaweza kuuza, anaweza hata kuwa mpole kupita kiasi, lakini kukaribisha hawezi.

Neno mtalii nalo lina asili ya heshima. Latokana na kitenzi talii, chenye asili ya Kiarabu, maana yake kuchungua, kusoma na kudurusu. Neno mtalaa, ambalo walimu wetu hulitumia kila siku kwa maana ya mpango wa masomo, ni la ukoo huohuo. Kwa hiyo mtalii, kwa maana yake ya asili, ni mtu aliyekuja kusoma nchi. Wale walioliteua neno hili walimpa mgeni wa ng'ambo jina la mwanafunzi. Na ikiwa mgeni ni mwanafunzi, nani basi mwalimu wake, kama si mwenyeji?

Desturi ya Mwambao

Pwani ya Afrika ya Mashariki imewapokea wageni wa ng'ambo kwa zaidi ya miaka 1,000. Pepo za kaskazi ziliwaleta kutoka Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliwarudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na njia ya kuondoka. Alikaa miezi mizima, na hapana budi alihitaji nyumba, chakula, mtu wa kumwamini, na mtu wa kumweleza desturi za mji. Miji ya mwambao ililazimika kuifanya kazi ya kupokea wageni kuwa elimu yenye kanuni zake.

Kanuni hizo alitusimulia msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, aliyepita katika mwambao huu mwaka 1331. Alipofika Mogadishu, kaskazini ya mwambao, aliona jambo lililomstaajabisha. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogondogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushukia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Na sheria ya mji ilikuwa kali: mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu bila ya mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Tunamwomba msomaji aitazame desturi hii kwa makini, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo tutayahitaji mbele. Kwanza, ukaribisho ule haukuwa wa bure. Mwenyeji alipata faida katika biashara ya mgeni wake, na hakuna aliyeona haya kwa hilo. Wako wanaodhani kuwa zamani watu walikaribisha kwa moyo tu, na kwamba fedha ndiyo iliyokuja kuuharibu ukarimu wetu; historia haikubaliani nao. Pili, mgeni alikuwa na mwenyeji mmoja anayejulikana kwa jina na kwa nyumba. Mwenyeji huyo alikuwa dhamana: akipunjwa mgeni, aibu ni ya mwenyeji, akikosa adabu mgeni, mwenyeji ndiye aulizwaye. Tatu, mji mzima ulikuwa nyuma ya mwenyeji kwa sheria yake. Faida, dhamana na sheria: juu ya mafiga hayo matatu ndipo chungu cha ukarimu wa mwambao kilipoketi.

Ibn Battuta aliendelea hadi Mombasa na Kilwa. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa jinsi alivyokuwa mpaji. Msafiri huyo asimulia kwamba maskini mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua na kumpa. Hatuna budi kusema pia kwamba upaji ule ulikuwa na doa. Katika zawadi za Sultani walikuwamo watumwa, na mali yake nyingine ilitokana na mashambulizi dhidi ya watu wa bara. Mwenyeji aweza kuwa mkarimu kwa mgeni wa mbali huku akiwa dhalimu kwa jirani yake wa karibu. Hilo nalo ni somo.

Hata ujenzi wa nyumba ulimfikiria mgeni. Nje ya mlango palikuwa na baraza la mawe, mahali pa kumketisha mtu, kumpa kahawa na kuzungumza naye bila ya kufichua yaliyomo ndani. Katika nyumba kubwa za mawe za Lamu kilikuwamo chumba maalumu cha wageni kiitwacho sabule, kilichotengwa na vyumba vya jamaa. Mgeni aliheshimiwa sana, lakini nyumba haikuvunjwa kuta kwa ajili yake. Alipewa mahali pake, na kulikuwa na mahali pasipokuwa pake. Mgeni mwema naye alilijua hilo bila ya kuambiwa, ndiyo maana wazee wakasema: Mgeni hachomi chaza mtaani akanuka.

Mgeni Aliyerudi na Mizinga

Mwaka 1498 walifika wageni wa namna nyingine. Vasco da Gama na merikebu zake za Kireno walipita Mombasa mwezi wa Aprili, wakaondoka kwa kutoaminiana, kisha wakapokewa vizuri Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani na Mombasa, aliwapa vyakula na rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Kwa desturi ya mwambao hayo yalikuwa makaribisho ya kawaida: mgeni amefika, amelishwa, ameonyeshwa njia.

Lakini mgeni huyu hakuisoma desturi. Aliporudi mwaka 1502 alimlazimisha Sultani wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kujenga ngome pale, kisha akaipora na kuichoma moto Mombasa. Sehemu ya dhahabu ya Kilwa ilifuliwa Lisbon kuwa chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506, na chombo hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Watalii wa siku hizi hukiona humo.

Tumelitaja jambo hili si kwa kutaka kuamsha chuki dhidi ya watu waliozaliwa miaka 500 baadaye. Tumelitaja kwa sababu linaonyesha udhaifu wa ukarimu usio na nguvu ya kujilinda. Desturi ya Mogadishu ilifaa mradi mgeni na mwenyeji wote wawili wakubali kuwa mji una sheria. Mgeni akija na mizinga iliyo na nguvu kuliko sheria ya mji, mwenyeji hubaki na sahani yake mkononi.

Bara: Hongo, Kahawa na Mbege

Tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya pwani tu. Huko bara kila kabila lilikuwa na njia yake ya kumpokea mgeni. Wahaya walimtolea buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Ilikuwa alama ya urafiki kabla ya neno lolote. Wachaga walimpa mbege katika kibuyu. Jambo la kupendeza ni kwamba vitu hivi havikukusudiwa kushibisha. Mtu hashibi kwa buni tatu. Vilikuwa ahadi kwamba tangu sasa mgeni yu salama, naye kwa kuvipokea aliahidi kuwa wenyeji wake nao wako salama.

Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipokuwa ikienda Tabora na Ujiji, msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. Leo neno hili lina maana mbaya, maana ya rushwa. Lakini wakati ule hongo ilikuwa malipo ya wazi, nguo, shanga au nyaya za shaba, aliyopewa mwenye nchi kwa kuruhusu njia, maji na soko la chakula. Wasafiri wa Kizungu waliopita njia hiyo, Burton na Speke tangu mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wamejaza vitabu vyao manung'uniko juu ya hongo. Waliiona kuwa unyang'anyi. Mwenye nchi aliiona kuwa ni haki ya mwenyeji. Katika ubishi huo mtu aweza kuona fikra mbili zikigongana: moja yasema nchi ya Afrika ni pori wazi ambalo yeyote aweza kulipita, nyingine yasema nchi hii ina wenyewe. Kiingilio kinacholipwa leo kwenye lango la Serengeti ni mjukuu halali wa hongo ya mtemi, ila jina limebadilika.

Kuzaliwa kwa Boi

Ukoloni uliigeuza nyumba juu chini. Yule aliyekuwa mgeni akawa bwana, na mwenye mji akawa mtumishi ndani ya mji wake. Mapinduzi hayo yaliacha alama katika lugha yetu. Neno boi liliingia kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni mtoto wa kiume; nasi tukalitumia kumwita mtu mzima, mwenye mke na watoto, apikaye na kufua katika nyumba ya Mzungu. Nchini Kenya walowezi walitunga Kiswahili chao, kilichoitwa Kisetla, lugha ya amri tupu: leta, ondoa, upesi. Kiswahili hicho hakikuwa na hodi wala karibu.

Hapo ndipo hoteli za kwanza za kisasa zilipozaliwa. Wajerumani walijenga Dar es Salaam hoteli iitwayo Kaiserhof, ambayo chini ya Waingereza ikaitwa New Africa. Katika hoteli kubwa za zama hizo mwananchi aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na sinia. Na katika nyika, uwindaji wa matajiri wa ng'ambo uliifanya safari kuwa neno la dunia nzima. Theodore Roosevelt, mara tu baada ya kutoka katika urais wa Marekani mwaka 1909, alisafiri Afrika ya Mashariki na msafara wa wapagazi zaidi ya 200. Kwetu sisi safari ni mwendo wowote, hata wa kwenda kumjulia hali mgonjwa. Kwa wageni ikawa jina la kwenda kutazama au kuwinda wanyama, na watu wa nchi wakaonekana humo kama vichwa vya kubebea mizigo.

Wakati wa mwisho wa utawala huo, Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa Ngorongoro. Nia ya kuwahifadhi wanyama ilikuwa njema, na dunia yote imefaidika nayo. Lakini picha iliyouzwa ng'ambo tangu hapo ikawa picha ya nchi nzuri isiyo na mtu. Mgeni aliyeiona picha hiyo alikuja akitafuta simba. Hakuambiwa kwamba kuna mwenyeji wa kumpigia hodi.

Uhuru na Mjadala wa Mwaka 1970

Basi Uhuru ulipokuja mwaka 1961, kazi ya kuwapokea wageni ilikuwa na wazazi wawili. Mzazi mmoja ni mwenyeji wa mwambao na wa bara, mwenye sahani, sheria na jina. Mzazi wa pili ni boi wa veranda ya kikoloni, mwenye sinia na ndiyo bwana. Swali lililotukabili, na linalotukabili hata leo, ni mtoto atafanana na nani.

Viongozi wetu waliliona swali hilo mapema. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa, aliikumbusha nchi methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliitumia kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya jadi hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kula jasho la wenzake daima, hata mgeni. Mwaka 1969 liliundwa Shirika la Utalii la Tanzania, na hoteli za umma zikaanza kujengwa mbugani na ufukweni. Mwaka 1971 Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa ili wageni wafike kaskazini bila ya kupitia nchi jirani.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1970, ulizuka mjadala mkali katika gazeti la Kiingereza la Dar es Salaam, The Standard. Vijana wa TANU walikuwa mstari wa mbele kuhoji. Waliuliza: nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 yawezaje kujenga hoteli za anasa kwa matajiri wa ng'ambo, na papo hapo kuwafundisha vijana wake kujitegemea? Je, anayezoezwa kuinama kila siku ataweza kusimama? Upande wa pili ulijibu kwamba nchi changa yahitaji fedha za kigeni ili inunue mashine na dawa, na kwamba kazi ya hoteli ni kazi kama kazi nyingine. Barua na makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji na kutolewa kuwa kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Tukiusoma mjadala ule leo, twaona kuwa kila upande ulishika ukweli nusu. Waliopinga walimwona boi na kumwogopa, na walikuwa na haki kumwogopa. Waliounga mkono waliiona faida, na faida, kama tulivyokwisha kuona, haikuwa ngeni katika desturi yetu. Lakini yule kijana wa Mogadishu mwenye sahani hakupata mtetezi wa kutosha. Mgeni alijadiliwa kama chanzo cha fedha au chanzo cha uharibifu. Haukupewa nafasi kubwa uwezekano wa kumfanya awe mgeni wa mtu.

Jambo na Hujambo

Miaka imepita. Mpaka wa Tanzania na Kenya uliofungwa mwaka 1977 ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka ya 1980 na 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na Zanzibar ikajenga hoteli nyingi katika fukwe zake. Utalii umekuwa nguzo ya uchumi: umelipa karo, umejenga nyumba, umewapa vijana ujuzi wa lugha na wa kazi. Hayo ni mapato ya kweli, na asiyeyataja hatendi haki.

Hata hivyo, sikio la mtu apendaye lugha haliwezi kuacha kusikia jambo moja. Sisi kwa sisi twaamkiana kwa hujambo na sijambo, kwa shikamoo na marahaba, kwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Hujambo maana yake huna jambo. Ni swali, na lahitaji jibu. Lakini mtalii hupewa neno jambo, likiwa limekatwa kichwa, naye hulirudisha vilevile: jambo kwa jambo. Hakuulizwa kitu na hakujibu kitu. Wimbo mashuhuri wa Jambo Bwana, uliotungwa na bendi ya Them Mushrooms katika hoteli za pwani ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliisambaza salamu hiyo duniani, pamoja na maneno hakuna matata. Mwaka 1994 maneno hayo yalitiwa katika filamu ya Disney ya The Lion King, na baadaye kampuni hiyo ikayasajili nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walipolijua hilo mwaka 2018 walikasirika. Hasira yao tunaielewa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kabla hajaja wa kuyasajili, sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuyatenga na mazungumzo yetu na kuyaweka juu ya meza ya bidhaa.

Wako watakaosema: salamu hiyo fupi ni baraza tu, mgeni ameketishwa nje, na mambo ya ndani yamehifadhiwa. Hoja hii ina uzito. Lakini kwenye baraza la mawe mwenyeji naye huketi. Ubaya wa mambo ni pale mgeni aketipo peke yake, na badala ya mwenyeji humjia papasi. Neno hili la Zanzibar ni jina la kupe. Limepewa wale vijana wamwandamao mgeni njia nzima, wakimsukumia vitu na bei za kubuni. Yule wa Mogadishu alimfuata mgeni hadi chomboni akampa chakula na jina lake. Huyu wa leo humfuata bila ya jina wala nyumba, na kesho hajulikani alipo. Tofauti kati yao haiko katika tamaa ya fedha, kwa kuwa wote wawili waliitaka. Iko katika dhamana. Wala si haki kumlaumu kijana huyo peke yake: ikiwa hoteli, ufukwe na mashua vyote ni vya watu wengine, mji wake u wapi hata awe mwenyeji?

Mifano ya njia bora ipo. Katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Uholanzi liitwalo SNV, vijiji kadhaa vya kaskazini mwa Tanzania, vikiwamo Ng'iresi na Mto wa Mbu, vilianza mpango wa utalii wa utamaduni. Mgeni huongozwa na mtu wa kijiji chenyewe, huona mashamba, mifereji, upishi na ufundi, na sehemu ya malipo yake huingia katika mfuko wa maendeleo wa kijiji, kama vile wa kusaidia shule. Hapo mgeni ana mwenyeji, mwenyeji ana mji, na mji una kanuni. Mafiga yote matatu yapo.

Yatupasayo

Kutokana na historia hii twatoa mambo manne, tukiwaelekea hasa walimu na wanafunzi.

La kwanza: tumpe mgeni salamu nzima. Mtalii ni mwanafunzi kwa jina lake. Akifundishwa hujambo na sijambo hashindwi kuyajifunza, na aghalabu hufurahi. Anayeulizwa habari zake ataona kuwa mbele yake yuko mtu.

La pili: tuwe dhamana. Kumpunja mgeni kulikuwa kosa la sheria katika mji wa mwambao karibu miaka 700 iliyopita, na heshima ya nchi yetu isiwe pungufu ya hiyo. Vilevile mwenyeji asione haya kumweleza mgeni wajibu wake: kufunika mabega na magoti apitapo katika mitaa ya Mji Mkongwe, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, kuvua viatu anapokaribishwa ndani. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Lakini mgeni hawezi kufumba jicho ikiwa hakuambiwa.

La tatu: mwenyeji asiliache jembe lake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wapatao 1,500,000. Mwaka 2020, kwa maradhi ya UVIKO-19, walishuka hadi kiasi cha 620,000. Familia zilizokuwa na shamba, uvuvi au ufundi pamoja na utalii zilikuwa na pa kushika. Zile zilizomtegemea mgeni peke yake zilitaabika sana. Methali yasema mwenyeji apone mgeni anapokuja; haisemi mwenyeji afe mgeni asipokuja.

La nne ndilo kubwa. Asiyeijua nyumba yake hawezi kumtembeza mgeni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na michoro ya miambani ya Kondoa tangu mwaka 2006. Hata hivyo wako wanafunzi wengi wanaoishi karibu na mahali pa namna hiyo ambao hawajapakanyaga. Tunawasihi walimu wawapeleke, hata kwa miguu pale inapowezekana. Wawaagize pia waulize kwa wazee: katika kijiji hiki mgeni alipokewaje, alipewa nini kwanza, aliketishwa wapi, na alitakiwa atende nini? Majibu yaandikwe katika madaftari na yasomwe darasani, maana mengi katika hayo hayajaandikwa popote.

Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo, siku atakaposimama mbele ya mgeni wa ng'ambo, atakuwa na la kumwambia. Atamkaribisha kwa jina lake, katika mji wake, kwa kanuni anazozijua na faida asiyoionea haya. Na hapo ndipo tutakapoweza kuitamka methali ya wazee wetu yote nzima, nusu ya kwanza na nusu ya pili, kwa sauti moja.